Folda ya mwalimu, folda ya mwanafunzi

Mifumo mingi ya shule inayoandikwa na vijana wetu kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ina sura moja: folda ya admin (msimamizi), folda ya mwalimu, folda ya mwanafunzi, na ndani ya kila moja kuna faili la ukurasa wa matokeo, matokeo.php. Siku shule ikibadili madaraja ya alama, mafaili matatu yanatakiwa kurekebishwa. Kwa kawaida yanarekebishwa mawili.

Mpangilio huo si wa kubezwa. Ruhusa inakaguliwa mara moja mlangoni, na mgeni kwenye mradi anajua pa kuanzia. Kazi zisipofanana hata kidogo, kama za mhasibu anayefunga hesabu na mzazi anayelipa ada, kuwatenga ni busara. Django yenyewe, zana maarufu ya kujengea tovuti, huja na sehemu ya admin iliyojitenga, na watu wanaitumia bila manung'uniko.

Shida ni kwamba watu hawakai kwenye folda. Chukua Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki. Kurasa zake zimepangwa kwa kazi: mod/assign ya mazoezi, mod/quiz ya majaribio, mod/forum ya mijadala. Zoezi lina ukurasa mmoja, view.php. Mwenye ruhusa ya mod/assign:grade akiufungua anaona idadi ya waliokwisha kuwasilisha na kitufe cha kusahihisha. Mwenye mod/assign:submit anaona siku ya mwisho na mahali pa kupakia kazi yake. Na mtu hupewa nafasi yake, ya mwalimu au ya mwanafunzi, ndani ya somo husika. Kwa hiyo mhadhiri msaidizi anayefundisha mwaka wa kwanza huku akisomea uzamili chuoni hapo hapo ni mwalimu saa nne na mwanafunzi saa kumi, kwa akaunti ile ile. Huyu tumweke folda ipi? Nimeona jibu likiwa akaunti mbili na nywila mbili, eti ndiyo suluhisho. Akija mtahini wa nje, anayetakiwa kuona bila kugusa, watu wa folda watanakili folda ya nne. Kwenye Moodle msimamizi anaunda nafasi mpya, anaweka tiki kwenye ruhusa, basi. Hakuna faili lililoguswa.

Gharama ipo. Ukurasa mmoja wa watu wote hujaa masharti ya "kama ni fulani", na usipougawa vipande mapema hausomeki.

Watetezi wa folda hukimbilia usalama, na kweli OWASP, taasisi ya usalama wa programu za mtandaoni, iliweka udhaifu wa kudhibiti ruhusa nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya hatari kubwa ya 2021. Ila kufuli la folda linauliza wewe ni nani tu, haliulizi rekodi ni ya nani. Mwanafunzi aliye ndani ya folda yake halali anabadili namba kwenye anwani ya ukurasa, matokeo.php?id=105, kuwa 106, na anasoma alama za mwenzake. Sharti la kumzuia huandikwa ndani ya ukurasa, folda ziwepo zisiwepo, na mimi ningependa kuliandika mara moja.