Nani amkague rais kabla hajafungasha?

Tarehe 19 Januari 1989, siku moja kabla Ronald Reagan hajakabidhi Ikulu ya Marekani, jaji mmoja mjini Washington alizuia kufutwa kwa kanda za kompyuta zenye barua pepe za wasaidizi wake. Kanda za namna hiyo zilikwisha kumuumbua Oliver North, ofisa wa usalama katika Ikulu ya Reagan, katika kashfa ya silaha zilizouzwa Iran: alifuta ujumbe wake, kumbe nakala zilibaki. Bila kesi ile iliyofunguliwa mlangoni pa makabidhiano, wanahistoria wangekosa sehemu kubwa ya ushahidi wa namna serikali ile ilivyofanya kazi.

Na sheria ilikuwepo. Sheria ya Kumbukumbu za Rais ya mwaka 1978, iliyoanza kumbana Reagan mwenyewe, ilishatamka kwamba nyaraka za rais ni mali ya umma. Zamani zilikuwa zake binafsi, akiondoka anaondoka nazo. Mambo yalibadilika mwaka 1974, Rais Richard Nixon alipojiuzulu na kuafikiana na serikali kwamba kanda zake za mazungumzo zingekuja kuharibiwa. Bunge lilitunga sheria ya kuzishika, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliiunga mkono kwa majaji 7 dhidi ya 2.

Kasoro ya sheria ya 1978 iko katika usimamizi. Rais akiwa madarakani, utunzaji wa nyaraka uko mikononi mwake. Akitaka kutupa waraka anapaswa kwanza kupata maoni ya Mtunza Nyaraka Mkuu wa Taifa, ila maoni hayo hayana nguvu ya kumzuia. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa nayo ilisema si kazi ya majaji kumsimamia rais kuhusu utunzaji huo. Kwa hiyo umma ni mwenye mali, lakini haujui kilichomo ghalani mpaka anayelitunza awe ameshaondoka.

Ndipo ulipokuja muswada wa kuhifadhi ujumbe wa kielektroniki, uliopita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2008 na tena 2010 bila kuwa sheria. Ulitaka Mtunza Nyaraka aweke viwango vya kuhifadhi barua pepe za Ikulu, kisha kila mwaka athibitishe kama vinafuatwa. Wazo hilo halijafa, na naona linastahili kurudishwa mezani.

Wanaolipinga wana hoja nzito, wala sizipuuzi. Ya kwanza ni mgawanyo wa madaraka: rais ni mkuu wa mhimili kamili, na Bunge likianza kupanga jinsi ofisi yake inavyotunza makabrasha, kesho litataka kupanga jinsi anavyoshauriwa. Ya pili inanigusa zaidi. Mshauri anayehofu kwamba kila sentensi yake itasomwa ataacha kuandika. Atapiga simu, au atamfuata rais kwenye korido. Hapo tutakuwa na viwango bora vya kuhifadhi makaratasi matupu.

Lakini tutazame hofu hiyo inahusu nini hasa. Inahusu kusomwa, na kusomwa kumeshawekewa ukuta: umma hauwezi kuomba nyaraka hizo kabla ya miaka 5 tangu rais aondoke, na ushauri wa siri anaweza kuufungia hadi miaka 12. Muswada unahusu kuhifadhi. Anayekagua kama mtambo unanakili barua pepe hana haja ya kufungua hata moja. Isitoshe, Mtunza Nyaraka yumo ndani ya serikali hiyo hiyo, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililizingatia mwaka 1977 ilipoikataa hoja ya Nixon kwamba sheria ile ilivunja mgawanyo wa madaraka.

Gharama ya kutokagua nayo inajulikana. Barua pepe milioni 22 za enzi za George W. Bush zilizodhaniwa zimepotea zilipatikana mwaka 2009, baada ya kesi mahakamani. Machi 2025 viongozi wa juu wa usalama walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, baadhi ya ujumbe ukiwa umewekwa ujifute. Tulijua kwa sababu tu mhariri mmoja aliingizwa kwenye kundi kwa makosa. Tangu mwaka 2014 sheria inataka ujumbe wa kikazi uliotumwa kwa akaunti binafsi unakiliwe kwenye mfumo rasmi ndani ya siku 20. Sharti zuri, lakini ni nani anayezihesabu siku hizo?

Haki inanidai niseme pia kwamba ukaguzi wa mitambo usingezuia masanduku 15 ya nyaraka kufika Mar-a-Lago, nyumbani kwa Donald Trump, na kukaa huko mpaka Januari 2022. Karatasi haina nakala ya akiba.

Ninapotofautiana na waandishi wa muswada ni kwa aliyepewa rungu. Februari 2025 Trump alimfukuza kazi Mtunza Nyaraka Mkuu, Colleen Shogan. Sheria inamtaka rais alieleze Bunge sababu za hatua kama hiyo, basi. Mkaguzi anayeweza kuondolewa na anayekaguliwa atathibitisha anachoambiwa. Ningependa cheti cha kila mwaka kiandaliwe na watumishi wa kudumu wa idara ya nyaraka, kipelekwe moja kwa moja kwa wajumbe wa vyama vyote viwili katika kamati za Bunge, na kichapishwe siku hiyo hiyo. Na cha kwanza kitolewe katika mwaka wa kwanza wa muhula, wakati mfumo uliokosewa bado unaweza kurekebishwa na watu walioujenga.