Fanksheni saidizi na mlango wa mbele wa klasi

Ujumbe wa simu ulikuwa umekamilika: jina la abiria, jina la boti, gati la kuondokea, na saa. Boti ya Pate itaondoka saa nne asubuhi. Boti ya Pate iliondoka saa moja. Abiria waliofika gatini Amu (Lamu) saa tatu na nusu, mizigo mkononi, walikuta boti imeshakwenda na maji yameanza kutoka. Anayeijua njia ya Mkanda anaelewa maana yake. Ule mfereji kati ya kisiwa cha Manda na bara haupitishi boti yenye watu na magunia maji yakishakupwa. Ilibidi wangoje kesho.

Tofauti hiyo ya saa tatu ilitokana na fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, yenye mistari miwili, na niliyeiandika ni mimi.

Programu yetu ya tikiti imeandikwa kwa lugha ya Java. Ndani ya klasi ya Tikiti, yaani fungu la data pamoja na fanksheni zake, niliweka fanksheni saidizi, saaYetu, inayopokea saa kwa hesabu ya 24 na kurudisha saa ya Kiswahili. Unaipa 7, inatoa sita, inakurudishia 1. Ilikuwa ya kuchapishia tikiti, basi. Nilipaswa kuifunga, iitwe na klasi yake tu, lakini niliiacha wazi kwa wote kwa sababu nilitaka kuiandikia jaribio, yaani msimbo wa kuipima. Mwenzangu anayeshughulikia ujumbe wa simu aliiona, akaipenda, akaitumia. Miezi kadhaa baadaye niliamua nyakati zote zihifadhiwe kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nikaibadili fanksheni yangu iongeze tatu kwanza, ndipo itoe sita. Nne ya UTC ikatoa moja, sawasawa. Majaribio yote yakapita. Upande wa mwenzangu, msimbo wake uliendelea kuipa 7 ya hapa nyumbani. Saba, ongeza tatu, toa sita: nne.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana, yeye na mimi, na mabishano yetu ni yaleyale ambayo waandishi wa programu wamekuwa nayo kwa miongo mingi: je, fanksheni saidizi ina haki ya kuonekana kwenye sura ya nje ya klasi? Nitaeleza pande zote mbili, kisha niseme mimi nimesimama wapi.

Hoja ya kufunga ina umri. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alieleza kwamba tusiigawanye programu kwa kufuata hatua za kazi yake. Tutazame ni uamuzi gani unaoelekea kubadilika, kisha kila moduli, yaani kila sehemu ya programu, ifiche uamuzi wake. Uamuzi uliokuwa ukibadilika kwetu ni huu: saa inahifadhiwa kwa hesabu ipi? Huo ndio niliopaswa kuuficha, na ndio huohuo niliouanika.

Nyumba za kale za Amu, zile za mawe na chokaa, zinalijua jambo hili vizuri. Mgeni huketi dakani, kwenye baraza la mlangoni. Akikaribishwa hupitishwa tekani, ambapo njia hukata kona ili jicho la mpita njia lisifike ndani, na mgeni wa kulala hupewa sabule bila ya kupita walipo wenyeji. Jiko liko juu kabisa. Mwenye nyumba akihamisha mafiga, hakuna mgeni anayehitaji kuarifiwa.

Sasa tazama lugha ya C++. Lugha hiyo inakuruhusu kuifunga fanksheni ya klasi asiite mtu wa nje, lakini bado ni lazima uitangaze katika faili la heda, lile ambalo kila mtumiaji wa klasi hulisoma. Ni kama kubandika dakani orodha ya sufuria zote za jikoni, halafu chini yake ukaandika: usiziguse. Kufungwa si kufichwa. Tena orodha hiyo ina gharama, maana ukiongeza kigezo kimoja (thamani ambayo fanksheni hupewa) kwenye fanksheni iliyofungwa, mafaili yote yanayoisoma heda hiyo hukompailiwa upya, yaani hutafsiriwa tena kwa lugha ya mashine, hata yale ambayo hayajawahi kuijua. Ndiyo maana wengi huitoa fanksheni saidizi kwenye klasi kabisa, wakaiweka katika faili la utekelezaji, ndani ya eneo lisilo na jina, ambako nje ya faili hilo haiitiki.

Mwaka 2000 Scott Meyers, mwandishi wa vitabu vya C++, aliipeleka hoja hii mbele zaidi, na mimi naona ndiyo hoja nzito kuliko zote. Alisema tupime ufichaji kwa kuhesabu: ni fanksheni ngapi zinaweza kugusa data ya ndani ya klasi? Kila moja ni mahali pa kukagua data hiyo ikibadilika umbo. Kwa hiyo fanksheni iliyoko nje, inayopita mlangoni kama kila mtu, inaiongezea klasi ulinzi. Wengi tulifundishwa kinyume, kwamba kila kinachohusu klasi kiingizwe ndani ya klasi. Matokeo ya mafundisho hayo yanaonekana kwenye string ya C++ yenyewe, klasi ya kushika maandishi, yenye fanksheni zaidi ya 100 za ndani, ambazo nyingi zingeweza kukaa nje bila ya kupungukiwa na kitu.

Mwenzangu hakubali, na sababu zake si za kupuuza.

"Kaka," aliniambia, "ungeifunga, ningeandika yangu. Leo tungekuwa na mbili, na ungeirekebisha moja ukasahau ya pili."

Ni kweli. Msimbo unaojirudia ni maradhi yaleyale, yamebadilisha nguo tu. Akaongeza kwamba kilicho nje ya klasi hakionekani: mtu akiandika jina la kitu na nukta, kihariri kinamwonyesha fanksheni za kitu hicho, na zilizotupwa mbali atazijulia wapi? Katika Java hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila fanksheni lazima iwe ndani ya klasi fulani. Ukiitoa kwenye Tikiti, unaishia kuunda klasi ya mchanganyiko, iitwe Vifaa au Saidizi, ambamo kila asiyejua pa kuweka kitu hukitupa humo. Nimewahi kurithi klasi ya namna hiyo. Kutoka mwanzo wake hadi mwisho sikuweza kusema inahusu nini.

Lipo jingine ambalo mimi mwenyewe namwongezea. Kuna fanksheni saidizi zinazohitaji sehemu tatu au nne za ndani ya kitu ili zifanye kazi. Ukizitoa nje, ama uzibebeshe vigezo vingi, ama ufungue njia za kusoma sehemu hizo. Hapo umefunga dirisha na kubomoa ukuta. Fanksheni kama hiyo ibaki ndani, ifungwe, na tuvumilie kwamba C++ itaiandika kwenye heda.

Pamoja na hayo yote, naegemea kufunga, na sababu ni moja: kufungua ni rahisi wakati wowote, kufunga baadaye ni mateso. Java yenyewe ni ushahidi. Ndani yake kulikuwa na klasi iitwayo sun.misc.Unsafe, iliyokusudiwa kutumiwa na maktaba za Java zenyewe. Watu wa nje waliifikia, wakaona inawapa kasi, na maktaba nyingi mashuhuri zikajengwa juu yake. Java 9 ilipotoka mwaka 2017 na mfumo wake wa moduli, nia ilikuwa kufunga sehemu za ndani, lakini hiyo haikufungika. Ikaachwa wazi ndani ya moduli ambayo jina lake lenyewe linasema haina uangalizi. Ni mwaka 2024 tu, Java 23 ilipotoka, ndipo fanksheni zake za kugusa kumbukumbu zilipotangazwa kuwa zitaondolewa. Hakuna aliyewahi kuahidi kwamba klasi hiyo itadumu. Ilionekana, ikatumika, na kutumika kukawa ndiyo ahadi.

Lugha ya Python huamini adabu: jina likianza na mstari wa chini, tafadhali usiliguse. Kwa timu ya watu wawili wanaoketi baraza moja, adabu hutosha. Sisi tulikuwa wawili, lakini kwenye Java sikuweka hata hiyo alama ya adabu.

Kuhusu jaribio, ambalo ndilo lililonifanya niiache wazi, sasa naona nilikuwa nimeonyeshwa jambo nikalisoma vibaya. Fanksheni inayodai jaribio lake peke yake inakuambia kwamba ni kitu kamili, na hapo ilipo si kwake. Saa ya Kiswahili si siri ya tikiti. Ni maarifa ya pwani nzima, na ujumbe wa simu una haki nayo kama karatasi. Kwa hili mwenzangu alikuwa sahihi kuliko mimi. Tuliitoa, tukaipa klasi yake ndogo, SaaZaKiswahili, yenye majaribio yake. Na haipokei tena namba tupu, kwa sababu 7 haisemi ni saba ya wapi. Inapokea wakati wenye ukanda wake wa saa, aina ambayo Java imekuwa nayo tangu toleo la 8. Ukiipa namba tupu, kompaila inakataa kabla boti haijawashwa.

Kwenye Tikiti kulibaki fanksheni saidizi nyingine, ya kukata majina marefu yasivuke upana wa karatasi. Hiyo niliifunga. Mwenzangu aliiomba, kwa kuwa naye alikuwa akikata majina kwenye ujumbe, na akanikumbusha hoja yake ya msimbo unaojirudia. Nilikataa. Karatasi yetu ilikuwa ya milimita 58, herufi 32 kwa mstari. Ujumbe wa simu una herufi 160 kwa jumla. Mistari ilifanana, lakini kila mmoja wetu alikuwa akikata kwa sababu yake. Akaandika yake. Mwezi uliofuata printa ya gatini iliharibika, tukaleta ya karatasi ya milimita 80. Nikabadilisha 32 kuwa 48, tikiti zikatoka na majina kamili, na ujumbe wa simu ukaendelea kwenda vilevile.