Kwanza aache unga, au kwanza atibiwe kichwa?

Kwenye baraza za Ngamiani, hapa Tanga, akipita kijana anayeongea peke yake, hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: "Unga umemharibu akili." Mwingine atabisha kwamba yule alianza kubadilika alipofiwa na mama yake, unga ulikuja baadaye. Wa tatu atashauri apelekwe akasomewe na anyweshwe kombe.

Wa kwanza ana hoja nzito kuliko anavyojua. Arosto, yaani mateso ya kukosa heroini (ndiyo unga wenyewe), huleta wasiwasi, huzuni na kukosa usingizi. Makali ya mwilini hupungua ndani ya wiki hivi, lakini usingizi na furaha huchelewa kurudi. Bangi nayo, hasa ikianzwa katika umri mdogo na kuvutwa kila siku, huongeza hatari ya kusikia sauti na kudhani watu wanakufuatilia. Kwa hiyo daktari anayesema "aache kwanza, tumwone baada ya mwezi" hakwepi kazi. Ipo sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inayoletwa na kilevi na kuondoka nacho. Ukikimbilia vidonge, huenda unatibu ugonjwa ambao hana.

Tatizo ni huo mwezi. Mtu aliyekuwa akitumia unga kunyamazisha ya kichwani, ukimnyang'anya unga unamwacha na hayo hayo, tena bila usingizi. Siku ya nne utamkuta maskani. Soba hausi nyingi, nyumba wanakokaa waraibu wakiacha unga, huendeshwa na waraibu waliopona, watu wenye subira kutushinda sisi sote, ila mgonjwa akianza kupiga kelele usiku, mzazi hupigiwa simu aje amchukue. Akifika naye wodi ya akili, harufu ya unga ikisikika tu, anaambiwa amrudishe soba.

Lakini na ile hoja ya msiba tusiipambe. Waliofiwa Tanga ni wengi, na walio wengi hawajawahi kugusa kete. Pwani hii iko kwenye njia ya majahazi yanayoleta heroini kutoka upande wa Irani na Pakistani. Kitu kikiwa karibu, hata asiye na jeraha lolote huonjeshwa na rafiki. Kusema kila teja ana kidonda moyoni ni huruma, uchunguzi bado.

Mimi naegemea kutibu vyote pamoja, na sababu yangu ni ya kiutendaji zaidi. Lutindi, kule Korogwe, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na sasa hata Tanga inatolewa. Huduma zimezaliwa mbalimbali na zimebaki na milango mbalimbali. Ila tazama linalofanyika kwenye dirisha la methadoni: mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anasemeshwa kidogo ihakikishwe amemeza. Mgonjwa gani mwingine wa akili anayeonwa uso kila siku? Methadoni haiponyi sonona, lakini inamleta mwenye sonona mpaka mlangoni.

Wanaopinga husema vidonge vitaishia kuuzwa mtaani. Ni kweli kwa vile vya usingizi kama Valium, na hatari yake ni kubwa zaidi ya biashara: vikichanganywa na methadoni vinaweza kukata pumzi. Hivyo visitolewe kiholela. Dawa ya sonona haileweshi namna hiyo, na kama bado kuna shaka, inywewe pale pale dirishani, muuguzi akitazama.