Sasa Hii, Itaelea?

Kuna swali moja nikiulizwa tena nitalia. Mgeni anaingia sebuleni, anaikuta merikebu yangu ya mbao mezani, anaizunguka mikono nyuma kama mkaguzi, anainama, anachungulia chini ya tezi, yaani huko nyuma yake, kisha analitoa: "Sasa hii, itaelea?"

Haniulizi macho yangu yanaendeleaje. Haniulizi mgongo. Itaelea!

Jamani, hii ni Vasa. Vasa yenyewe, ile ya kweli ya mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi, haikufika popote! Iling'oa nanga Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, mizinga 64, watu wamefurika kuitazama. Ikajikongoja kama mita 1,300 hivi. Upepo ukaja, ikalala ubavu, maji yakaingilia kwenye madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, kwisha habari. Ikakaa chini miaka 333 hadi walipoiinua mwaka 1961. Mfalme mzima kashindwa na hazina yake yote, mimi mwenye gundi na kiwembe ndiye niifanye ielee?

Tena haya yote nilijitakia. Rafiki yangu aliniambia nitafute kitu cha mikono, eti kinatuliza akili. Nikanunua boksi. Juu ya boksi picha inang'aa, ndani kuna vijiti. Vijiti, uzi, kopo la vidude vya chuma, na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa na mtu asiyependa watu. Hatua ya 12 ina maneno manne tu: "Pigilia mbao za ubavuni." Basi. Hatua hiyo moja imenila miezi minne.

Kwani ubao wenyewe mnaujua? Ni kijiti chembamba chenye upana wa milimita 5. Unatakiwa uulaze juu ya mataruma, zile mbavu za merikebu, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, na kule omoni merikebu imejikunja kama shavu la mtoto. Ubao haukunjiki. Unauloweka kwenye maji ya moto, unausubiri, unaubembeleza kwa vidole polepole, unaanza kukubali, unakubali, unakubali... taa! Umekatika. Unachukua mwingine. Ule unaofuata nao unakubali, unakubali. Nimefika mahali nasikia ule mlio usingizini.

Siku moja nikasema leo hakatiki mtu hapa. Nikautia supaglu, nikaukandamiza kwa vidole viwili, nikahesabu mpaka mia. Ubao ukashika. Na mimi nikashika. Simu ikalia, mwanangu akaniwekea sikioni, kumbe ni bosi.

"Uko wapi?"

"Nipo nyumbani bosi, nimebanwa kidogo."

"Umebanwa na nini siku ya mapumziko?"

Sasa nimjibu nini mtu mzima yule? Nikamwambia ni mambo ya usafiri. Aliyeniokoa ni binti yangu na dawa yake ya kutolea rangi ya kucha, na mpaka leo ananidai chupa.

Halafu kuna siri ambayo kijitabu hakikuisema: ukiweka ubao mmoja kulia, unaofuata weka kushoto, ndipo mkuku, ule uti wa mgongo wa merikebu, usivutwe upande. Mimi kwa shangwe nilimaliza kulia kote kwanza. Nilipogeukia kushoto, mkuku ulikuwa umeshapinda kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Changu nahodha ni mmoja, bandari ni meza, na mrama kimekwenda.

Ila hapo ndipo ninapojitetea. Wataalamu waliopekua Vasa walikuta humo rula nne za mafundi: mbili zimepimwa kwa futi ya Uswidi yenye inchi 12, mbili kwa futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Mafundi wa jahazi moja, futi mbili! Na kweli, ubavu wa kushoto ulitoka mnene kuliko wa kulia. Nami nina rula mbili, yangu na ya mwanangu ya shule, ambayo sifuri yake ameitafuna yote, inaanzia kwenye milimita ya tatu. Kwa hiyo merikebu yangu kuegemea kushoto si kosa, ni uaminifu kwa historia. Mama watoto nilimweleza hivyo. Aliniangalia kwa muda mrefu, akaenda kulala.

Sanamu ndiyo sitaki hata kuzungumzia. Ile ya kweli ilipambwa kwa michongo karibu 700, na kule omoni kuna simba anaruka mbele. Wangu nilipompaka rangi ya dhahabu akawa kama paka aliyenyeshewa. Alidondoka mara mbili. Mara ya pili tulimtafuta siku tatu nzima kwa tochi, akapatikana ndani ya soksi yangu, nikiwa kazini, natembea.

Sasa hivi niko kwenye kamba. Zile ngazi za mabaharia za kupandia mlingotini, kila kamba inapokutana na mwenzake ni fundo, na fundo lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele. Mlingoti wa mbele, upande mmoja, nilihesabu mafundo 140 nikaacha kuhesabu kwa usalama wa afya yangu. Huku familia inakula kwa zamu kwenye kona ya meza iliyobaki. Mama watoto aliuliza kwa upole, "Baba watoto, hii meza tutaiona tena lini?" Nikamwambia bado milingoti miwili tu. Alipouliza "tu" maana yake nini, nikajifanya nashika uzi kwa meno.

Lakini tangu juzi sina amani. Kwa kipimo cha 1:75 merikebu hii ina urefu wa sentimita 92 hivi, tangu ncha ya mti unaochomoza omoni mpaka nyuma kabisa. Nimetoka chumbani jioni nikamkuta mama watoto uani kachuchumaa na tepu, anapima karai la kufulia. Aliponiona hata hakushtuka.

"Hivi," akaniuliza, "ile milingoti inachomoka?"