Kalishwa nini, na lini?

Ijumaa iliyopita ilikuwa arobaini ya binamu yangu, kijiji kimoja cha ndani huko Mtama. Amekufa na miaka 41. Jina lake naliacha, maana wenye msiba wenyewe wanasoma huku.

Jambo hili limenikaa kooni tangu siku ya tatu. Tulikuwa mikekani chini ya mwembe baada ya hitima, kahawa inazunguka, karanga za kukaanga zimo kwenye ungo, wazee wakaanza kuijadili kesi. Kwetu kifo cha mtu wa miaka 41 ni kesi. Upande mmoja ukasema kalishwa. Tumbo kujaa maji, macho manjano, mikono imebaki vijiti, na yote hayo ndani ya miezi minne, ni nini tena kama si kulishwa? Korosho zilimlipa vizuri msimu uliopita na watu wana macho. Upande wa pili ukaongea kwa sauti ya chini kidogo: daktari si kasema ini? Na ini linaharibiwa na nini? Basi alikuwa anapiga uraka, ile pombe ya mabibo, kwa siri. Huyu marehemu hakuwahi kuonja uraka, hata msimu ule mabibo yanapooza mashambani na kijiji kizima kinanuka. Alikuwa anaadhini kwa zamu. Lakini maiti hajitetei.

Karatasi ya hospitali ilikuwemo ndani, kwenye mkoba wa mama yake, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nimeshaisoma. Saratani ya ini. Mstari wa juu yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: HBsAg chanya. Yaani homa ya ini B. Hukumu ya kesi nzima ilikuwa imelala kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti za utrasaundi, na sisi tuko nje tunatafuta mchawi.

Sasa niwaambie kinachoniuma mimi binafsi. Miaka kadhaa nyuma, wakati akiendesha bodaboda hapa Mtwara mjini, lilipita gari la kuchangia damu pale kijiweni kwao. Wakachangia wote, wakapewa soda na biskuti. Baada ya wiki kadhaa akapigiwa simu: njoo, kuna majibu yako tuongee. Hakwenda. Alinisimulia mwenyewe tukiwa njiani kwenda Mikindani, anapiga kelele kushinda upepo: "Dada, niende nikaambiwe nina ngoma? Bora nisijue!" Nikacheka. Mimi niliyesoma, ninayejifanya kuandika mambo ya afya humu, nikacheka naye mpaka tukakaribia kuingia mtaroni. Damu ya kuchangia hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Kati ya hivyo vinne, kichwani mwake kilikuwemo kimoja tu. Na kichwani mwangu pia, tusidanganyane.

Aliyeipata homa ya ini B akiwa kichanga, mara tisa kati ya kumi kirusi hakimtoki tena. Akiipata mtu mzima, ni chini ya watano kati ya mia wanaobaki nacho. Kwa hiyo hawa tunaowazika na miaka arobaini, wengi wao walikuwa nacho kabla hawajaota meno. Kinakaa kimya miaka thelathini. Mtu anapanda mnazi, anabeba gunia la korosho, anaoa, anazaa. Siku macho yanapogeuka manjano, mazungumzo yameshakwisha zamani.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, mnivumilie.

Kuna kidonge kinaitwa tenofovir. Kimoja kwa siku. Hakikiui kirusi, kinakifunga mdomo tu, ini likapata kupumua, na hatari ya saratani ikashuka. Si dawa ya ajabu, si ya majaribio. Imo ndani ya kidonge cha kufubaza makali ya VVU ambacho kila wilaya inacho, na mgonjwa anapewa bure, nami namshukuru Mungu kwamba anapewa. Sasa pimeni wenyewe. Mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja, ini lake linatibiwa bure bila hata yeye kujua. Mwenye homa ya ini B peke yake anakutana na kitu kingine. Jirani yangu mmoja alipokutwa nacho aliambiwa asiwe na wasiwasi, ajiangalie, asinywe pombe, arudi baada ya miezi sita. Alipouliza dawa, akaambiwa apime kwanza wingi wa virusi, na kipimo hicho akatafute Dar. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, kipimo chenyewe. Siku moja akaniuliza, na sikujua kama anatania, eti asingekuwa na nafuu zaidi kama angekuwa na VVU?

Jibuni nyie. Mimi nilishindwa.

Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye ripoti yake ya 2024 kwamba dawa hiyo inapatikana kwa dola 2.4 kwa mwezi. Hiyo ni elfu sita na ushehe. Watu hapa wanaweka zaidi ya hapo kwenye vocha. Ripoti hiyohiyo ikasema watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B mwaka 2022, waliojua hali zao ni asilimia 13, na waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 3. Tatu! Mnunuzi akija mnadani na bei ya namna hiyo, wakulima wa Tandahimba wanakataa kuuza na wanarudi nyumbani. Kwa hii ya ini tumekubali.

Tena mwezi Machi mwaka huohuo shirika likalegeza masharti. Mwongozo wa zamani uliwaruhusu dawa watu wachache mno, kati ya 8 na 15 katika kila mia wenye kirusi. Mpya unaruhusu nusu yao au zaidi, na kwa mama mjamzito aliyekutwa na kirusi, kama kipimo cha wingi hakipo, inawezekana kumwanzishia kidonge bila kukingoja, ili kumkinga mtoto. Soma tena hapo. Wataalamu wa dunia wamekaa Geneva, wakaona kwamba ile safari ya Dar ndiyo inayowaua watu, wakaiondoa njiani. Mwongozo uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaushusha. Dawa iko kabatini. Kipimo cha kujua kama unacho kirusi ni tone la damu ya kidole na robo saa. Kinachokosekana hapa katikati ni mtu wa kusema "tumwandikie", na kwa hilo nimemzika mtu.

Najua mtaniambia watoto wanachanjwa. Kweli, wanachanjwa tangu 2002, hilo silibishii, na aliyezaliwa baada ya hapo ana bahati ambayo sisi hatukuipata. Lakini nimeitoa kadi ya kliniki ya mwanangu wa 2016: dozi ya kwanza, wiki ya sita. Kirusi cha mama hakisubiri wiki ya sita. Ndiyo maana inatakiwa dozi nyingine ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na katika kanda yetu ya Afrika, kwa ripoti ileile, waliokuwa wakiipata ni watoto 18 tu katika mia. Taiwan walianza kuchanja vichanga mwaka 1984. Gambia, nchi ndogo kuliko Lindi yetu, walianza 1986. Baruch Blumberg aliyekigundua kirusi hiki alishapewa Nobel mwaka 1976, korosho zetu zikiwa bado zinanunuliwa kwa mizani ya serikali. Habari hii ina umri wa babu.

Halafu karanga. Wakati wazee wanatafuta mchawi mimi nilikuwa natafuna, nikakutana na moja chungu, nikatema kwenye kiganja. Nyeusi ndani, na kijivukijivu kwenye mkunjo. Nikaangalia ungo. Zimo nyingine, zilizosinyaa, ngozi imekunjamana. Sote tunajua zinavyofika pale. Mama anakaa barazani anachambua: nono zinaenda sokoni, mbovu zinaingia kinuni, jioni zimo kwenye kisamvu, na nani ataonja uchungu ndani ya tui na chumvi? Sumukuvu yenyewe, ile sumu inayoachwa na ukungu, haina ladha, uchungu ule ni salamu ya ukungu tu. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa chakula cha mifugo kilichokuwa na karanga. Nikisoma hapo huwa nacheka vibaya. Miaka kumi na kitu kabla yake Waingereza haohao walikuja Nachingwea kulima karanga kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli kwa ajili yake, mradi ukafa mapema miaka ya hamsini, reli ikang'olewa. Tukabaki na bandari na ungo.

Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi, ikatangazwa, tukaogopa mwezi mmoja. Lakini inayoua harakaharaka ndiyo nadra. Ile ya kidogokidogo, ya kila jioni, ikimkuta mwenye kirusi B, hatari mbili hizo za saratani ya ini hazijumlishwi. Zinazidishana. Binamu yangu alipenda kisamvu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Hivi mnajua kwamba chikungunya ni ya kwetu? Ni homa iliyolipuka huku Newala mwaka 1952 na 1953, madaktari wa enzi za ukoloni, Robinson na Lumsden, wakaandika habari zake mwaka 1955, na jina wakalitoa kwenye Kimakonde, kwa jinsi wagonjwa walivyojikunja kwa maumivu ya viungo. Hadi leo utakuta kitabu kinasema neno hilo ni Kiswahili. Mwaka 2023 Wamarekani wakaidhinisha chanjo ya kwanza, kwa watu wazima walio kwenye hatari ya kuambukizwa. Bibi yangu mdogo akipata homa na viungo vikimkaza, pale Kitangari, anaambiwa malaria na taifodi. Mwezi ujao, malaria na taifodi. Jina limepanda ndege, mwenye jina amebaki na dozi ya vidonge vya taifodi. Nimetoka nje ya mada, najua. Ila si mbali sana.

Utafiti mpya upo, wala siubezi. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya sindano iitwayo bepirovirsen: waliochomwa kila wiki kwa wiki 24, karibu mmoja kati ya kumi kirusi kilipotea kabisa kwenye vipimo na kubaki hivyo hata baada ya sindano kuisha. Kwa ugonjwa ambao miaka yote tumeambiwa hauponi, hilo ni jambo kubwa. Lakini kunisomea habari ya sindano hiyo wakati kidonge cha elfu sita hakijamfikia mtu wa Mtama ni kumwonyesha mwenye njaa picha ya pilau.

Na waganga, maana nitaulizwa. Wale waliomchanja binamu yangu chale tumboni na kumnywesha mizizi ini likiwa limeshachoka, sina la kuwasifia. Ila mmoja alimsikiliza kutwa nzima, mpaka habari za ugomvi wa shamba. Hospitali alipewa dakika tatu. Hilo nimelazimika kuliandika.

Siku ile ya tatu nilisimama nikitaka kusema yote haya. Nimeshafungua mdomo, nikamwona shangazi, mama wa marehemu, amekaa kwenye kizingiti na kanga ameivuta hadi machoni. Nikaelewa ninachotaka kusema kitasikikaje. Kwamba mtoto huenda alikipata kwa mama yake, siku ya kuzaliwa. Wazee walikuwa wanatafuta mchawi, na mimi nilikuwa karibu kuwaletea mmoja mwenye karatasi ya hospitali. Nikakaa chini. Jioni akaniita chumbani, akauliza taratibu, hicho kidudu kinatoka wapi mwanangu. Nikamwambia cha utotoni, shangazi, enzi zile wembe mmoja ulinyoa vichwa vya nyumba nzima na jandoni kisu kilikuwa kimoja. Sikumdanganya, kinapita huko pia. Akasema enhe, wembe. Akalala.

Baada ya arobaini niliwachukua ndugu zake. Wako sita, waliokubali ni wanne. Tukajaza bajaji mbili mpaka maabara moja mjini Lindi, nikalipa mimi, ndiyo ubani wangu. Watatu mstari mmoja, yaani hawana. Nikawaambia waanze chanjo, sindano tatu, leo, mwezi ujao na mwezi wa sita. Wa nne, mdogo wa mwisho, miaka 34, alikiinamia kile kijikaratasi muda mrefu. Mistari miwili.

"Dada," akasema, "na mimi kanilisha nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Jumatatu tunaanza kuulizia kidonge, kaunta moja baada ya nyingine, na nitakuwa na ule mwongozo wa Machi nimeuchapisha. Leo Jumamosi. Ameshanipigia mara mbili kuuliza kama ni Jumatatu hii.