Kama unajenga hotirodi, anza na kiti

Nilifika Cincinnati nikashindwa kushuka kwenye gari langu mwenyewe. Nilizima injini kwenye kituo cha mafuta pembeni ya barabara kuu ya I-71, nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja, alafu kiuno kikakataa kabisa, ikabidi mke wangu azunguke aje anishike mkono. Tulikuwa tumetoka Columbus asubuhi tukielekea Louisville, Kentucky, kwenye yale maonyesho makubwa ya magari ya zamani ya mwezi wa nane, safari ya maili 210 hivi, yaani karibu kilomita 340, na hapo ndio kwanza tumefika nusu. Gari halikuwa na shida, halichemshi, halivuji, breki ziko sawa. Miaka minne nimelijenga gerejini kwangu kwa mikono yangu na kitu ambacho sikukipa hata wikendi moja nzima ni kiti.

Kwa wasiojua, hotirodi ni gari la zamani la Kimarekani, mara nyingi Ford ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtu analivua kila kisicho cha lazima, analishusha chini, analitia injini yenye nguvu zaidi. Langu ni Ford Model A ya 1929, aina ya rodista, lile lisilo na paa la bati wala vioo vya kupandisha milangoni. Kiwandani lilitoka na injini ya silinda nne ya nguvu farasi 40, sasa hivi lina V8, yaani injini ya silinda nane. Mchezo wenyewe ulianzia kwa vijana wa California waliokuwa wakishindana mbio kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage, 1937 wakaunda chama chao, SCTA, na vita ilipoisha wakawa wananunua mabaki ya ndege za kijeshi kwa bei ya kutupa. Mmoja wao, Bill Burke, alichukua tangi la mafuta la ndege akaligeuza gari, 1946 hiyo. Na vile viti vya ndege vya alumini, vyenye matundu kama kichujio cha nazi, navyo vikaingia humohumo.

Mimi nilifunga hivyo. Vya kisasa vilivyoigwa, na juu yake nikaweka sponji unene wa vidole viwili. Kwa picha ni kitu kizuri mno, sikatai.

Hapa ndipo napogombana na watu, manake kila nikisema kiti cha starehe ndio kiti sahihi kwa hotirodi naambiwa nimeharibu asili, ati gari la zamani lazima likuumize kidogo ndio ulihisi. Asili gani hiyo? Ford wenyewe Model A waliipa kiti cha springi. Viti vingi vya marubani vilikuwa na shimo pale pa kukalia kwa sababu rubani alikuwa anakalia parachuti yake, hiyo ndiyo ilikuwa mto wake, sasa wewe ukikaa bila parachuti umekalia bati tupu na kifandugu chako. Na yule kijana wa ziwa kavu mbio zake zilikuwa za muda mfupi tu, hakuwa anakaa saa nne barabarani na mkewe. Miaka ya hamsini na sitini watu wa kusini mwa California walikuwa wanavuka mpaka kwenda Tijuana, Mexico, kwa mafundi wa huko wawashonee viti vya ile mishono ya mistari iliyovimba kama godoro, kwa sababu huko bei ilikuwa chini na kazi nzuri. Watu walivuka nchi kwa ajili ya kiti! Hiyo nayo si asili?

Shida kubwa ya Model A ni nafasi. Watu wawili wazima wakifunga milango mabega yanagusana. Ukilishusha bodi juu ya chesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, kama mimi nilivyofanya inchi 4, kwa nje linapendeza lakini sakafu inapanda ndani inchi zilezile, kwa hivo kiti kinakuwa karibu na sakafu na miguu unainyoosha mbele kama umekaa mkekani. V8 nayo inakula nafasi ya miguu, giaboksi inakula katikati. Alafu kuna tangi, Model A tangi lake la asili liko mbele ya kioo juu ya magoti yako, wengi tunalitoa tunaliweka nyuma ya kiti, na ukishaliweka hapo egemeo la mgongo haliwezi tena kulala. Kila uamuzi niliofanya, hata ule wa injini, ulikuwa unakata kiti bila mimi kujua.

Tuliporudi kutoka Louisville nilimkumbuka jirani yetu wa Majengo, Mombasa, nikiwa mdogo, mzee mmoja aliyekuwa anashona viti vya matatu. Dereva akileta gari mzee hakati kitu kwanza. Anakunja gunia anaweka juu ya fremu, "Kaa hapo mwanangu, shika usukani kama unaenda Malindi." Anamwacha akae. Baadaye anakuja anaingiza ngumi chini ya paja la dereva karibu na goti, ngumi ikipita bila kugusa anajua mbele pako chini sana, paja halishikwi, mzigo wote umeenda matakoni. Nilikuwa nasimama pale naangalia tu, sikujua kama ninafundishwa.

Basi baridi ilipoingia nikatoa kila kitu. Nikapanga vipande vya plaiwudi na mito ya sofa ndani ya bodi, nikakaa, mke wangu akapiga alama za chaki, macho yalipofika, kiwiko, goti. Na nilikaa dakika arobaini nasikiliza redio, sio dakika tano, kwa sababu kwa dakika tano hata tofali ni kiti kizuri. Nikapima tena baada ya sponji kuzama, hapa ndipo wengi wanakosea, sponji yangu ilishuka inchi moja na nusu chini ya uzito wangu, na inchi moja na nusu ndiyo tofauti ya kuona barabara na kuona fremu ya kioo. Ngumi nikaijaribu, ikapita kama kwenye mfuko wa suruali. Nikainua mbele, nikashusha nyuma, tangi nikalihamishia kwenye buti ili egemeo lilale, na usukani wa inchi 17 nikaubadilisha wa inchi 15 mapaja yapate kupumua.

Wengi wanafunga viti vya Mazda Miata ya kwanza, ile iliyotoka 1989, kwa sababu ni vyembamba na baadhi vina hadi spika kwenye egemeo la kichwa. Nilivijaribu. Ni vizuri mgongoni ila kwangu vilichomoza juu ya mstari wa milango kama watu wawili wamesimama ndani, nikavitoa. Nilichotumia ni benchi ya nyuma kabisa ya minivani, nimeitoa kwenye uwanja wa magari mabovu, nikakata fremu, nikaichomelea upya, springi zake nikaziacha. Sponji ngumu chini, laini juu, nimeikata kwa kile kisu cha umeme cha nyama, na juu yake reksini ya mashua maana mvua ikinyesha huna pa kukimbilia. Rangi ya kahawia, nyeusi kwenye gari la wazi mwezi wa saba utaungua.

Na mkanda, tafadhalini. Kiti nimekifunga kwa vyuma vilivyoshikana na chesi, sio kwenye mbao za sakafu, na nyuma yake nimechomelea bomba linalofika usawa wa mabega, kwa sababu mkanda wa begani ukiushusha moja kwa moja mpaka sakafuni, siku ya kugonga unaukandamiza uti wa mgongo. Hili sibishani na mtu.

Upande wa mke wangu ulinichukua muda kuliko wangu. Yeye ni mfupi, kwenye benchi ileile miguu yake ilikuwa inaning'inia na ukingo unamkata chini ya magoti, kwa hivo nikaigawa benchi mara mbili, upande wake nikaupunguza urefu inchi 2 na nikamwekea kibao cha kukanyagia. Nilimwambia akae dakika arobaini. Akakaa saa nzima, akasema ongeza kidogo hapa kiunoni, nikaongeza.

Mwezi wa nane uliopita tulienda tena Louisville. Cincinnati tulisimama kujaza mafuta, nikashuka mwenyewe nikalipa, niliporudi nikamkuta amelala.