Kubwa Ndiyo Yenyewe

Watu wa kamera mnaijua hii shida, safari yenyewe ni ya wikendi tu lakini kuchagua lenzi za kubeba kunakula wiki nzima. Mimi nakaa Busia, upande huu wa Uganda, nilikuwa naenda Kampala kumwona shangazi na kuzunguka mji kidogo nikipiga picha, basi nikazimwaga lenzi zote kitandani nikaanza kuzihoji moja moja.

Kwa mji msimamo wangu ni mbili tu. Ya kwanza 18-55 (hizo namba ni milimita, ndogo inaona pana, kubwa inavuta mbali), ile inakuja na kamera dukani, watu wanaidharau bure, kwa 18 unaingiza jengo na mtaa wake wote na kwa 55 unapata sura ya mtu. Ya pili ni 50 ya f/1.8, yaani tundu lake la mwanga ni kubwa, haifiki hata gramu 200, jioni giza likianza bado inaona, na kwa kamera yangu, ambayo sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, inavuta kama lenzi ya 80 hivi kwa hiyo kazi yake ni sura za watu. Hiyo 70-300, lenzi ya kuvuta mbali, ibaki nyumbani. Ni nzito, inataka jua kali, kitu kikiwa chini ya mita moja na nusu kutoka kwako haishiki fokasi, na ukiichomoa barabarani kila mtu anageuka kukuangalia. Hiyo ni ya kwenda nayo mbuga ya Murchison kutafuta simba. Nikapanga mbili zangu kwenye begi, kila moja kwa chumba chake cha sponji, nikafunga zipu, nikaenda kuoga.

Sasa nyumbani kwetu hakuna mtu anaenda Kampala mikono mitupu. Mama alikuwa ameweka mayai ya kienyeji ya kumpelekea shangazi na chupa ya samli, na alikuwa anazunguka nyumba akitafuta mahali mayai hayatavunjika. Mnaona hii inaelekea wapi. Mimi sikuona. Nilitoka kuoga nikamkuta amekaa sebuleni ametulia kabisa, ananiambia "begi lako nimelipanga vizuri, usilitupetupe," nikasema asante mama nikalala.

Basi ilitoka alfajiri. Bugiri, Iganga, Jinja, matuta ya barabarani yanakurusha mpaka unagonga dirisha, tukapita msitu wa Mabira, tukafika Namawojjolo. Kama umewahi kupita pale unajua, gari kabla halijasimama madirisha yote yamejaa mikono, kuku wa kuchoma kwa vijiti, gonja (ndizi za kuchoma), maini, maji, na wauzaji wote wanaongea pamoja. Nikasema hii ndiyo picha ya kufungulia safari. Nikafungua zipu, nikaingiza mkono kwa chumba cha ile 50, nikashika gazeti.

Ndani ya gazeti, yai.

Nikaingia chumba cha pili, yai juu ya yai. Chumba cha flashi, samli. Na huko chini kabisa, imelala upande wake wote peke yake bila wasiwasi, 70-300. Baba mmoja aliyekaa karibu nami akachungulia akauliza, "Unauza bei gani?"

Nikampigia mama.

"Mama, lenzi zangu ziko wapi?"

"Ziko salama, nimeziweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mayai yamevunjika?"

"Hayajavunjika. Lakini mama, zile ndizo nilikuwa nataka!"

"Si nimekuachia kubwa? Kubwa ndiyo yenyewe, hivyo vidogo ni watoto wake. Watakungoja."

Nikajaribu kupiga ile mikono na 70-300. Kuku alikuwa sentimita 30 kutoka puani kwangu, lenzi inaunguruma mbele na nyuma inatafuta fokasi, muuzaji akadhani nampima kuku kwa mashine akakasirika akaenda dirisha lingine. Nilinunua gonja nikanyamaza mpaka Mukono.

Shangazi alipokea mayai yote mazima, hata ufa hakuna, akashangilia akasema hilo begi la nani, liwe linakuja kila mwezi.

Kesho yake nikaenda mjini na silaha yangu. Nilianza na msikiti wa Old Kampala, watu wengi bado wanauita wa Gaddafi kwa sababu Libya ndiyo iligharamia kuumaliza. Ni mkubwa sana ule msikiti. Mimi nina picha ya kitasa. Pia nina robo ya mlango. Nilirudi nyuma mpaka ukuta ukanigusa mgongoni na bado kwa 70 naona tu kipande cha nguzo, na pembeni yangu kuna dada mmoja ameinua simu yake ya bei ya kawaida, akabonyeza mara moja, akaingiza msikiti wote na mnara na mawingu, akaenda zake.

Juu ya mnara lakini, acha niseme ukweli, kule ile lenzi ilinifurahisha. Kampala yote iko chini yako na vilima vyake, kwa 300 unavuta kuba la Namirembe, unavuta minara miwili ya Rubaga, unashuka mpaka teksi paki unaona zile matatu nyeupe zenye miraba ya bluu zimebanana hakuna hata pa kupitisha mguu, na konda mmoja anagombana na mama mwenye mzigo, mpaka midomo naiona. Nilikaa kule mpaka mtu anayetembeza wageni akaanza kukohoa.

Shida ilikuja niliposhuka barabarani. Kuna kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara ambao Kampala wamejaa kila mahali penye takataka, mmoja alikuwa amesimama juu ya nguzo ya taa. Kwa 300 unahesabu mpaka vinyweleo vya kichwani. Nimeinua kamera, nimebana pumzi, nikasikia nyuma yangu, "Wewe. Unalenga nini?"

Askari. Na nyuma ya ile nguzo, ambayo mimi nilikuwa naona ndege tu, kumbe kuna ukuta mrefu, seng'enge, geti, na kibao sikutaka hata kukisoma.

"Shikamoo afande. Ni ndege tu, huyu kaloli."

Kumjibu kwa Kiswahili kulisaidia, uso ukalegea kidogo. Akataka kuona. Nikamwonyesha. Akaangalia muda mrefu, akasema huyu ndege sura yake mbaya sana, nani atanunua hiyo, halafu akavuta kofia akanyoosha mkanda. "Nipige mimi. Yote, na buti zionekane."

Sasa mtu mzima, kichwa mpaka buti, kwa 70 na sensa yangu ile unahitaji kama mita sita. Nikaanza kurudi nyuma. Hatua, hatua, naangalia kwa kamera, bado naona kifua tu. Hatua tena.

"Wewe! Unakimbia wapi?"

"Sikimbii afande, narudi nyuma. Hutoshi."

"Mimi sitoshi?"

"Hutoshi kwa lenzi, afande. Lenzi ndiyo ndogo."

Akaiangalia ile lenzi, urefu wake wote ule. "Hiyo ndogo?"

Nililazimika kumwita karibu nikampa achungulie mwenyewe ndiyo akaniruhusu nirudi nyuma, na hata hivyo alikuwa ananifuata kila ninapoenda nyuma kwa hivyo picha haikutosha mpaka mwisho. Buti zilitoka peke yake kwa picha nyingine. Alizipenda.

Kurudi Nansana jioni nikakuta shangazi amekusanya familia yote. Anko amevaa koti, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, majirani wawili wamo, na shangazi amevaa gomesi la harusi, lile gauni refu la heshima. "Mpiga picha wetu amefika! Tupige hapa kwa makochi." Nikaangalia sebule, ina mita tatu. Nikawatoa nje varandani. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, naona anko na sikio la jirani. Nikatoka getini. Nikavuka barabara. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mkaa upande wa pili, mita kumi na tano hivi, ndipo nikawaona wote, lakini sasa hatusikilizani, boda zinapita katikati na vumbi, ikabidi nimpigie shangazi simu.

"Shangazi, sogea kushoto."

"Kushoto kwangu ama kwako?"

"Kwako. Mwambie anko atoe mkono mfukoni."

"Anasema mkono ni wake."

"Na wewe toa simu sikioni shangazi, napiga sasa."

"Nikitoa nitakusikia vipi?"

Hivyo ndivyo tulivyoenda mpaka jua likaanza kuzama, na ile lenzi jua likizama na yenyewe inalala. Picha zote zina kasoro. Moja watoto wanaangalia mbuzi, nyingine shangazi yuko kwenye simu, nyingine ni vumbi tupu. Kuna moja tu ambayo kila mtu anatabasamu, macho yote kwa kamera, mwanga mzuri kabisa, na katikati kabisa kuna mtu wa boda anapita na fenesi kubwa limefungwa nyuma, na yeye pia ameigeukia kamera anatabasamu meno yote nje.

Shangazi aliipeleka studio ikatolewa kubwa, imewekwa fremu, iko ukutani juu ya televisheni. Wageni wanauliza huyu wa pikipiki ni nani, na anko kila mara anafungua mdomo aeleze, lakini shangazi anamuwahi, anawaambia ni ndugu wa upande wa anko.